Kingo Safi

Gundi aliingia na kifurushi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, na hata kabla hajavua viatu alikuwa ameshatabasamu. Hilo ndilo lililomuuma Sindano baadaye kuliko yote. Kwamba aliingia akitabasamu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba," Shangazi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake. "Karibu ukae. Si hapo. Hapo ni pa marehemu."

Gundi alisimama haraka, akahamia kwenye kigoda karibu na mlango. Kaka yake Sindano, aliyeegemea dirisha, alicheka.

"Usiogope, shemeji. Kiti hakiumi. Anayeuma ni huyo aliyekaa kiti cha pili."

"Nimekusikia," Shangazi alisema.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Sindano alitoka jikoni na sinia la chai, akaona kifurushi, moyo ukamruka. Alikuwa hajalala vizuri kwa kuisubiri siku hii. Alimpita Gundi karibu sana, karibu kuliko ilivyohitajika kumpa mtu kikombe, na Gundi akainua macho. Waliangaliana kidogo tu. Lakini watu waliopendana kwa siri kwa muda mrefu hawahitaji zaidi ya hapo, na Shangazi, ambaye hakuwa kipofu, alikohoa.

Jina la Gundi lilitokana na kazi. Alikuwa mfunga vitabu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya shule, chumba kimoja chenye meza ndefu, mashine ya kubana, kisu kikubwa cha mkono na jiko la kuchemshia gundi. Harufu yake haikumtoka hata akioga mara ngapi. Sindano alishona mashela ya maharusi. Jina hilo alipewa utotoni, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mtaa mzima ulikuwa umeshawatania: hawa wakioana, nyumba wataishona au wataibandika?

Kilichowakutanisha ni majarida. Mama yake Sindano alikusanya majarida ya zamani ya lesi kwa miaka yote aliyokuwa na macho ya kuyasoma: ya lesi ya vijiti, ya lesi ya sindano, na zaidi ya yote ya lesi ya mafundo, ile inayofumwa kwa kidude kidogo chenye uzi ndani, chembamba pande zote mbili. Nyumbani kwao walikiita samaki. Mama aliyatoa majarida kwenye mabanda ya vitabu vikuukuu, akayaokota kwenye nyumba za mafundi waliokufa, na mengine aliyanyang'anya wenye maduka wakiwa wameshaanza kuyachana wafungie sukari. Alipozeeka, binti yake aliendeleza kazi na kuipa utaratibu. Kila jarida lilipata kadi yake: jina, mwezi, picha ya jalada, kama karatasi ya vielelezo ya katikati ipo au imeng'olewa, na hali yake. Katika majarida ya lesi hiyo karatasi ya katikati ndiyo roho. Kila fundi huing'oa akaiweke ukutani, na anayekuja nyuma yake hupata jarida lenye shimo tumboni.

Kisha Mama akaugua koo. Ugonjwa ulichukua sauti kwanza, na yeye mwenyewe baadaye. Katika miezi ile ya katikati alilala na majarida yake kifuani, na alichotaka kusema alikiandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa wowote uliokuwa wazi. *Maji.* *Fungua dirisha.* *Huyo mgeni aondoke.* *Kola hii nilikufumia ukiwa na miaka sita.* Binti alimletea daftari, Mama akalikataa kwa mkono. Alipenda pembe za majarida yake.

"Basi," Shangazi aliweka kikombe chini. "Tusizunguke. Mimi nimemlea huyu binti tangu kaka yangu afariki, nikisaidiana na wifi yangu. Wewe bwana sina ugomvi nawe. Una adabu, una kazi. Lakini ulikuwa na mke, na mke alikuacha."

"Ni kweli, Shangazi."

"Alisema unapenda karatasi kuliko watu."

Gundi aliinamisha kichwa. "Alisema hivyo."

"Kwa hiyo mimi jibu langu lilikuwa hapana. Kisha binti akaniambia wifi yangu aliacha neno juu yako, kwa mkono wake. Nikasema, kama wifi ameacha neno nitalisoma kwa macho yangu, na nikilisoma sina la kuongeza. Ndiyo au siyo?"

"Ndivyo ulivyosema, Shangazi," Sindano alisema. "Leo utalisoma."

Gundi aligeuka akamtazama. Hakuwa analijua hilo neno. Sindano alikuwa amemwambia tu, "Kuna kitu Mama alisema juu yako, utakisikia siku hiyo hiyo pamoja na wao," na hakumwambia zaidi, kwa sababu alitaka kuuona uso wake wakati anasikia.

Ilikuwa hivi. Jioni moja Gundi alikuja kurudisha jarida alilolitengeneza, akamkuta Mama peke yake, ameteleza nusu mwili nje ya kitanda, anahangaika na kikombe. Hakuita mtu. Alimwinua, akamweka sawa, akamshikia kikombe mpaka akamaliza, akapangusa kidevu chake kwa kitambaa, kisha akapiga magoti pale akimsomea vielelezo vya lesi kwa sauti, mafundo matano, kitanzi, mafundo matano, kana kwamba ni habari za gazetini. Sindano aliwakuta hivyo. Gundi alipoondoka, alimuuliza mama yake, "Mama, huyu unamwonaje?" Mama akavuta penseli. Kwenye ukurasa wa kushoto, kando ya picha ya kola ya mafundo, aliandika neno moja kuanzia ukingoni kabisa mwa karatasi.

*Usimwache.*

Tangu Mama azikwe, Sindano aliufungua ukurasa ule mara nyingi mno. Ulilegea kuliko kurasa zote. Pini za jarida zilikuwa zimeshika kutu, na majarida mengine ya mwaka ule yalikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana aliyafunga yote pamoja akampelekea Gundi. Alitaka siku Shangazi atakapolishika, jarida lile lisimpukutikie mikononi.

"Nifungulie," Sindano alisema sasa.

Gundi alifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na kitabu kimoja kinene, kitambaa cha buluu mgongoni, pembe za ngozi, na jalada la mbele limechongwa jina la Mama kwa herufi za dhahabu. Hakutumwa kazi hiyo. Jalada na dhahabu aliviongeza mwenyewe. Lakini mwanamume akipenda hufanya na ambalo hakutumwa, na hapo ndipo balaa huanza.

"Mama wee," Kaka alisema. "Hii ni kazi."

Hata Shangazi alisogea. Sindano alikipokea kwa mikono miwili, macho yamelowa. Akapitisha kiganja juu ya jalada. Akapitisha kidole kwenye jina. Kisha kidole kikateremka kwenye ukingo wa kurasa, na hapo kikasimama.

Ukingo ulikuwa laini. Laini kama sabuni mpya.

"Gundi," alisema polepole. "Hizi kurasa mbona ziko sawa hivi?"

"Nimezisafisha kingo," Gundi alisema, akijivuna kidogo. "Kama ulivyoniambia."

"Nilikwambia nini?"

"'Yashone, na uyasafishe kingo.' Ulisema ukiwa mlangoni. Unakumbuka? Ulikuwa na sindano mdomoni."

Alikumbuka. Kingo zilikuwa na vumbi la miaka mingi, lile jeusi la rafuni, na alitaka zipanguswe. Kwake kusafisha kulikuwa kitambaa kikavu na pumzi. Lakini katika karakana ya Gundi, kusafisha kingo kulikuwa na maana moja tu tangu alipofundishwa kazi. Unabana, unashusha kisu, unakata pande tatu mpaka kurasa zote ziwe kama moja.

Sindano alikifungua kitabu katikati. Akafungua kwingine. Akafungua kwingine tena, haraka haraka, kama mtu anayetafuta mtoto ndani ya umati.

Kurasa za kulia zilikuwa zimepoteza mwisho. *Fungua diri.* *Huyo mgeni aon.* Kurasa za kushoto zilikuwa zimepoteza mwanzo. *ji.* Hilo lilikuwa maji. Lingine lilibaki mkia wa herufi moja, na hakuweza kukumbuka lilikuwa neno gani, na kutokumbuka kule kulimtoa sauti ambayo Kaka hakuwahi kuisikia kwa dada yake hata siku ya msiba.

"Nini?" Gundi alisimama. "Sindano, nini?"

"Hukuyaona? Maandishi yote haya hukuyaona?"

"Niliona penseli. Majarida ya lesi yote yana penseli! Wanawake wanahesabu mafundo pembeni, kila siku naziona. Mimi kitabu kikishabanwa naona ukingo tu, sioni ndani."

"Huyo ni Mama!" Sindano alipiga kelele. "Hiyo ni sauti ya Mama! Hakuwa na nyingine!"

Shangazi aliinuka, akamtoa kitabu mikononi taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake kisu.

"Kaa chini, mwanangu. Kaa. Lile neno liko wapi?"

"Shangazi, subiri kwanza."

"Nimesubiri vya kutosha. Ni wapi?"

Shangazi hakuhitaji jibu. Kitabu kilichofunguliwa mara nyingi mahali pamoja hujifungua chenyewe pale pale, hata kikishonwa upya. Kikajifungua kwenye kola ya mafundo. Shangazi alivaa miwani. Alisoma kimya, akasogeza ukurasa dirishani, akasoma tena.

"Mwache," alisema.

"Siyo hivyo."

"Nasoma kilichoandikwa. Mwandiko ni wa wifi yangu, hii *ch* yake naijua. *Mwache.*"

"Ilikuwa *Usimwache!* Ilianzia ukingoni, Shangazi, *usi* ilikuwa hapo, imekatwa!"

Shangazi alimpa Kaka kitabu. Kaka alikitazama muda mrefu. Uso wake, ambao haukukosa utani tangu asubuhi, ulikuwa umezeeka.

"Dada, si unaandikaga kadi? Kwenye kadi uliandika nini?"

"Niliandika, 'Maneno ya Mama pembeni, yapo.'"

"Basi?"

"Basi. Yalikuwepo. Kwa nini niyanakili wakati yapo?"

"Na hata angenakili," Shangazi alisema, si kwa ukali, "ungekuwa mwandiko wake mwenyewe, si wa wifi."

Sindano alimgeukia Gundi. "Vipande viko wapi? Ulivyokata. Viko wapi, twende sasa hivi tukavitafute, hata kama ni gunia zima nitavipanga kimoja kimoja."

Gundi aliutazama mlango. Alikuwa mtu mzima, mikono mipana, na wakati ule alionekana kama mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Sema."

"Mabaki ya karatasi nayatia jikoni," alisema. "Ndiyo nachemshia gundi."

"Gundi gani?"

"Gundi... ya hicho kitabu."

Kaka alikiweka kitabu mezani taratibu, akarudi dirishani, akawapa mgongo.

Sindano hakulia. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, mahali ambapo hakuna aliyekaa tangu msiba, na hakuna aliyemwambia ahame. Aliongea akiangalia sakafu.

"Ni mimi niliyesema safisha."

"Ni mimi niliyekata," Gundi alisema.

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia kuna nini ndani."

"Nilitaka ufurahi."

"Na mimi nilitaka ufurahi!"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imelainika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko ukali.

"Sikiliza, Sindano. Mimi si adui yako. Kama utaniambia uliona *usi*, nitajua umesema. Sitakuita mwongo. Lakini mimi neno langu nililifunga kwa kusoma, na nilichosoma ni hiki. Niende kinyume na mkono wa marehemu? Usiku nitalalaje?"

"Kwa hiyo huniamini."

"Nakuamini wewe. Ila wewe unampenda. Mtu anayependa husoma anachotaka."

Hapo ndipo Sindano alipoinua macho kumtafuta Gundi. Hakutaka amtetee. Alitaka tu asogee, asimame upande wake, aseme, kama Sindano amesema lilikuwepo, lilikuwepo. Maneno machache. Kama angeyasema, wangetoka mlangoni pamoja mchana ule, na Shangazi angebaki na kitabu chake, na mambo mengine yangefuata baadaye.

Lakini Gundi alikuwa anakitazama kitabu pale mezani. Ukurasa ulikuwa bado wazi. Mwanamume aliyewahi kuachwa hulisikia neno *mwache* hata pasipoandikwa, na sasa lilikuwa limeandikwa, kwa mkono wa mtu aliyemheshimu, na lilikuwa linamtazama.

"Sindano," alisema kwa sauti ya chini. "Una hakika *usi* ilikuwepo?"

Kaka aligeuka kutoka dirishani.

"Umesema nini?"

"Nauliza tu. Mama yako hakuwahi kunichekea. Alikuwa ananiangalia mikono tu, muda wote. Nilikuwa najiuliza..."

"Rudia ulichosema."

Gundi alirudi hatua moja nyuma.

"Shangazi akitilia shaka ni haki yake," Sindano alisema. "Kaka naye, haya. Hawakuwepo. Lakini wewe, Gundi, ulimshikia kikombe. Ulimfuta kidevu. Ulimsomea mafundo mpaka akatulia. Na bado unadhani alisema nikuache?"

"Nimekosea. Sikuwa na maana..."

"Ulikuwa na maana. Imekutoka bila kulazimishwa."

"Nitakifumua," Gundi alisema haraka haraka, akipiga magoti mbele ya kile kiti. "Nitakifumua chote, uzi wote, nitarudisha kila jarida peke yake kama lilivyokuwa. Sindano, nisikilize."

Alimtazama. Alikuwa amempenda mtu huyu kwa sababu ya magoti hayo hayo, aliyopiga kando ya kitanda cha mama yake. Alinyoosha mkono akamgusa nywele, na kwa kitambo Gundi alidhani amesamehewa.

"Sweta ukikosea unavuta uzi, linafumuka, unaanza tena," Sindano alisema. "Lesi ya mafundo haifumuki. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Fundo likishakaza unakata. Nenda, Gundi."

"Unaniambia niende kwa sababu ya herufi tatu?"

"Nenda tu."

Aliinuka. Alikaa muda mrefu mlangoni akivaa viatu, akifunga kamba, akizifungua, akizifunga tena. Kaka alimfungulia mlango.

"Pole, bwana," Kaka alisema.

Gundi alisita alipolisikia neno hilo. Alipoingia alikuwa shemeji. Akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi, na harufu ya gundi ikabaki sebuleni kama vile mwenyewe angali amekaa kwenye kigoda.

Shangazi alikusanya vikombe. Kaka alitoka akasimama uani. Sindano alibaki peke yake na kitabu, na jua la mchana likiingia dirishani likipiga herufi za dhahabu. Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lisilovumilika: hakuwahi kuona majarida ya Mama yakiwa mazuri hivyo.

Alivuta sanduku la kadi, akatafuta kadi ya jarida lile. Penye *hali* alikuwa ameandika zamani, *pini zina kutu, ukurasa umelegea, kamili*. Akafuta *kamili*. Akashika penseli kuandika kingine, akakosa cha kuandika, akaiacha wazi.

Kisha akakifungua kitabu kwenye ile kola. Aliisogeza ncha ya penseli mpaka kwenye neno la mama yake. Herufi tatu tu alitaka kuzirudisha, ndogo ndogo, hata kama hakuna atakayeziamini isipokuwa yeye. Alitafuta pa kuziweka. Alisogeza penseli kushoto, kushoto zaidi, mpaka ncha ikateleza nje ya ukurasa na kuchora mstari mezani.

Nafasi haikuwepo. Kisu kilipita sawasawa, kazi safi ya fundi mzuri, na karatasi ilianzia pale pale ilipoanzia *m*.